Matumizi ya Hesabu za Pointa Katika Kutafuta na Kupitia Safu: Mfano wa Malipo ya Wakulima wa Chai Rungwe

1. Utangulizi



Wilayani Rungwe chai huchumwa karibu mwaka mzima. Mkulima mdogo hupeleka majani mabichi kituoni, karani hupima, stakabadhi huandikwa, kisha majani hupakiwa kwenda kiwandani, kama kile cha Katumba karibu na mji wa Tukuyu. Wakati wa malipo, stakabadhi hizo zote lazima zimfikie mwenye majani zikiwa fedha. Mada hii inahusu hatua moja ya kazi hiyo: namna programu inavyompata mkulima sahihi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Hoja yangu ni kwamba pointa, yaani kigezo kinachobeba anwani ya mahali ndani ya kumbukumbu, ni chombo chepesi na cha haraka kwa kazi hii, mradi isiachwe kuvuka mpaka wa safu.

2. Safu na hatua ya pointa

Tuchukue mfano wa chama chenye wakulima 15,000. Rekodi ya kila mmoja ina namba ya uanachama, namba ya kituo, kilo na makato, kila kimoja baiti 4, pamoja na fedha anazodai, baiti 8. Rekodi moja ni baiti 24, na safu nzima ni baiti 360,000 zilizopangwa mfululizo. Katika lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuongeza 1 kwenye pointa ya rekodi husogeza anwani kwa baiti 24. Ukitoa pointa moja kutoka nyingine ndani ya safu ileile, unapata idadi ya rekodi zilizo kati yake. Mtengeneza programu anahesabu wakulima. Kompaila inahesabu baiti.

3. Kumtafuta mkulima mmoja

Mkulima akifika ofisini kuulizia kilo zake, kupekua safu tangu mwanzo kunahitaji wastani wa ulinganisho 7,500. Safu ikiwa imepangwa kwa namba za uanachama, kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu hakuzidi ulinganisho 14.

Pointa mbili zinatosha. *Mwanzo* inaelekeza rekodi ya kwanza, na *mwisho* inaelekeza mahali panapofuata baada ya rekodi ya mwisho. C inaruhusu kuikokotoa na kuilinganisha anwani hiyo ya pili, lakini ni marufuku kuisoma. Katikati hupatikana hivi:

kati = mwanzo + (mwisho - mwanzo) / 2

Kujumlisha pointa mbili hakuna maana, na kompaila hukataa. Katazo hilo lina faida. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kosa lililokaa kwa miaka mingi katika maktaba ya Java: fahirisi mbili, yaani namba za nafasi katika safu, zilijumlishwa kabla ya kugawanywa kwa 2, na kwenye safu kubwa mno jumla ilizidi uwezo wa namba ikawa hasi. Anayetumia pointa analazimika kufuata njia salama tangu awali.

4. Kupitia safu mbili kwa pamoja

Mwisho wa mwezi kazi hubadilika. Tuseme kuna stakabadhi 60,000. Kumtafuta mwenye kila moja kwa kugawa nusu kwa nusu kunaweza kufikia ulinganisho 840,000. Lakini stakabadhi nazo zikiwa zimepangwa kwa namba za uanachama, pointa moja inatembea juu ya wakulima na nyingine juu ya stakabadhi, na hatua zote hazizidi 75,000. Kupanga nako kuna gharama, inayoweza kulingana na ya kutafuta. Faida ipo pale orodha iliyopangwa inapohitajika hata hivyo, kwa mfano kuchapa taarifa ya kila mkulima.

Njia hii pia hufichua makosa. Namba ya uanachama kwenye stakabadhi ikiwa ndogo kuliko ya mkulima aliyefikiwa, stakabadhi hiyo haina mwenyewe. Iwekwe kando ili karani aihakiki, isifutwe.

5. Hatari

C haikagui mipaka. Mnamo Novemba 1988 programu ya Robert Morris ilivamia maelfu ya kompyuta, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kuandika kupita ukingo wa safu. Katika malipo, kosa la namna hiyo linaweza kuingiza kilo mahali pasipo pake bila onyo lolote. Vilevile, safu ikipanuliwa inaweza kuhamishiwa anwani nyingine, na pointa za zamani zikabaki zikielekeza pasipo na kitu.

6. Mapendekezo

(a) Kila sehemu ya programu inayopokea pointa ya mwanzo ipokee pia ya mwisho.

(b) Pointa ilinganishwe na mwisho kabla ya kusoma rekodi, si baada.

(c) Safu inayoweza kupanuka itunziwe fahirisi, na pointa ikokotolewe upya.

(d) Timu isiyo na mkaguzi wa programu itumie lugha inayokagua mipaka, kama Java, hata kama kasi itapungua.

(e) Programu ijaribiwe kwa chama kisicho na mwanachama, chenye mmoja, kwa mkulima wa kwanza, wa mwisho, na kwa namba isiyokuwepo. Majaribio haya matano yakamilike kabla shilingi ya kwanza haijalipwa, kwa sababu mkulima hana njia ya kuona kilo zake zilipopotelea ndani ya mashine.