Nani Abebe Hasara ya Kiwanda Kilicho Mbali?



Mada niliyopewa ni hatari ya kupeleka kazi nyeti za viwanda katika nchi zisizo na utulivu wa kisiasa. Wafanyabiashara wamekwisha kuijadili sana, nao huihesabu kwa upande mmoja: bidhaa zitachelewa, faida itapungua. Napenda tuitazame pia kutoka upande wa yule aliyesimama kazini siku vita vinapoanza.

Tuanze na Ukraine. Kila gari lina tita la nyaya, mfano wa mishipa ya fahamu mwilini, linalopeleka umeme kwenye injini, taa na vyombo vingine. Kulitengeneza ni kazi ya mikono: waya hupangwa mmoja mmoja juu ya ubao na kufungwa kwa utepe, na mashine bado haijaweza kuichukua kazi hiyo yote. Kwa hiyo kazi ikaenda kule ambako mishahara ilikuwa midogo. Kampuni ya Kijerumani ya Leoni ilikuwa na viwanda viwili magharibi mwa Ukraine, katika miji ya Stryi na Kolomyia, vyenye wafanyakazi wapatao 7,000. Kile cha Kolomyia kilifunguliwa mwaka 2017, miaka mitatu baada ya Urusi kuitwaa Crimea. Hakuna awezaye kusema kwamba dalili hazikuwapo.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na kazi ikasimama. Siku chache baadaye kiwanda cha Volkswagen cha Zwickau, huko Ujerumani, nacho kikasimama. Mabati yalikuwapo, magurudumu yalikuwapo, mafundi walikuwapo. Tita la nyaya halikuwapo. Wala halinunuliwi dukani, maana kila tita hutengenezwa kwa kufuata gari lake.

Magazeti mengi yaliishia hapo. Lakini kule Ukraine watu walirudi kazini upesi: king'ora kikilia wanakimbilia mahali pa kujificha, kikinyamaza wanarudi kwenye mbao zao. Wakati huohuo mipango ilikuwa ikifanywa ya kutengeneza matita yaleyale katika nchi nyingine. Kwa mwenye kampuni hiyo ni busara, nami siilaumu. Lakini angalieni jambo hili: walioyawezesha magari ya Ujerumani kuundwa tena, wakifanya kazi katika hatari ya mabomu, ndio haohao ambao nafasi zao zilikuwa zikitafutiwa mbadala.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 2016 Ethiopia ilifungua eneo kubwa la viwanda vya nguo huko Hawassa, kusini mwa nchi. Wasichana wengi walitoka vijijini kwenda kushona huko, na kufikia mwaka 2019 mshahara wa kuanzia ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi. (Jaribuni kupanga chumba na kula kwa fedha hiyo.) Novemba 2020 vita vilizuka Tigray, kaskazini kabisa. Novemba 2021 kampuni ya Kimarekani ya PVH ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Hawassa, na tarehe 1 Januari 2022 Marekani iliiondoa Ethiopia katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Wasichana wale hawakufyatua risasi hata moja. Adhabu iliyokusudiwa kwa serikali ilitua juu ya cherehani.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mbali na mwajiri anayelipa mshahara yupo mwajiri mwingine, asiye wa moja kwa moja, ambaye maamuzi yake ndiyo yanayopanga hali za kazi. Mnunuzi aliye ng'ambo ni wa namna hiyo. Alipoichagua nchi yenye mashaka kwa sababu ya urahisi wa mishahara yake, alijua anachonunua.

Basi, serikali zetu zinapokaribisha viwanda vya namna hiyo, Tume zetu za Haki na Amani ziombe kuisoma mikataba. Mara nyingi mna kifungu kinachomruhusu mnunuzi kuvunja ahadi vita au janga litokeapo. Tuulize kama mna kifungu kingine, cha fedha zilizowekwa kando tangu siku ya kwanza ili mfanyakazi alipwe miezi kadhaa lango likifungwa. Kama hakimo, tuulize ni nani aliyekiondoa, au kama kuna aliyewahi kukiomba.