Vyombo vya Babu vya Kuchimbia Dhahabu

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za vyombo vya kale, ambavyo huenda na ninyi mnavyo darini, navyo vinaliwa na kutu.

Kwetu ni Butiama, upande wa Kiabakari. Watu wa Musoma na Bunda wanajua ya kuwa nchi yetu ilikuwa na migodi ya dhahabu yenye sifa, Buhemba na Kiabakari. Sababu ya watu kuikimbilia dhahabu miaka ile ya 1930 ilianzia mbali. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20 na senti 67 hata dola 35. Basi mawe yaliyokuwa hayana faida kuvunjwa yakawa nayo. Babu aliingia Kiabakari baadaye, naye yu kijana, akakaa huko hata mgodi ulipofungwa mwaka 1966.

Alituachia sururu, tindo mbili, taa ndogo ya kuvaa kichwani, na karai. Taa ile hutiwa vipande vya kabaidi. Maji hudondoka juu yake, ikatoka hewa iwakayo kwa mwanga mweupe. Karai nalo lilinifundisha uzito kabla sijaingia shule: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, lakini jiwe jeupe liichukualo halifiki mara tatu. Ndiyo maana ukizungusha karai mtoni mchanga huenda na maji, dhahabu ikakaa chini.

Mwaka jana alikuja mchuuzi wa chuma chakavu. Mdogo wangu alitaka kuuza vyote apate karo ya mwanawe, wala simlaumu, maana karo haingoji. Baba mdogo akakataa kabisa. Mama akasema, “Basi nipeni mimi karai, nioshee mchele.”

Hapo nikapaza sauti, jambo nisilolizoea mbele ya mama. Babu alipotoka mgodini alijichimbia mwenyewe, na katika karai lile alikuwa akichoma zebaki. Zebaki hushika chembe za dhahabu. Ikitiwa motoni hutoka kwa mvuke usioonekana, nao huingia mapafuni, huharibu mishipa ya fahamu, hudhuru hata mtoto aliye tumboni. Katika miaka yake ya mwisho mikono ya babu ilitetemeka, nasi watoto tukamshikia kikombe cha chai, tukidhani ni uzee tu.

Tulipatana hivi: karo tuliichanga. Sururu na tindo moja zimebaki kwa baba mdogo, na taa naipeleka darasani. Karai tulilitoboa matundu matatu kwa tindo ya pili, lisipate kutiwa chakula tena, tukalifunga na kuliweka mbali na jiko. Mama ndiye aliyelishika tulipokuwa tukilipiga.