Siku za Kumpa Mwenye Mgonjwa



Mwaka 2009, mfanyakazi wa kiwanda cha maji cha Badoit, Saint-Galmier huko Ufaransa, aitwaye Christophe Germain, alimaliza likizo yake akimuuguza mwanawe Mathys aliyekuwa na saratani. Wenzake wakajikata siku zao za likizo, zikafika 170, wakampa. Mtoto alifariki mwisho wa mwaka huo. Wazazi hawakunyamaza, na tarehe 9 Mei 2014 jambo lile likawa sheria ya nchi. Marekani ilikwisha kuwaruhusu watumishi wa serikali kuu kuchangiana likizo tangu 1988.

Mbona sisi, watu wa michango, hatuna sheria ya namna hiyo?

Tupige hesabu kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, Jumapili na sikukuu zikiwa humohumo. Ni wiki 4. Mfaransa ana wiki 5, na likizo ya mwaka anayoweza kuitoa ni ile tu inayozidi wiki 4. Kiasi ambacho kwao hakiguswi, kwetu ndiyo likizo nzima.

Wala tusijione wachoyo. Mwalimu akilazwa, wenzake hugawana vipindi vyake bila barua ya mtu. Muuguzi mwenye mgonjwa nyumbani hushikiwa zamu ya usiku. Mgonjwa akipewa rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nauli huchangwa kwa simu siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba mcheshi huchangiwa upesi, na mkorofi huuguza peke yake. Tena aliyepokea hubaki na deni la fadhila. Hili la deni Wafaransa walilitibu: mtoaji hatajwi jina.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe. Ukiugua wewe, sheria inakupa siku 126 katika miezi 36, ukiwa na cheti cha daktari: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Akiugua mwanao, siku zenye malipo ni 4 katika miezi hiyo 36, na humo humo umo msiba wa mzazi au wa mwenzi wako. Nne! Kumpeleka mtoto hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kurudi Singida, basi peke yake linakula mbili.

Siku hizo 4 ni kiwango cha chini, na mwajiri hakatazwi kuzidisha. Pa kuzidishia ni kwenye mkataba wa hali bora. Nawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya CWT, TUGHE na TALGWU mlioko hapa mkadai siku za kumuuguza mtoto huko mezani, kabla hatujamwomba mwalimu amwachie mwenzake likizo yake ya Desemba.