Ushuru wa Soko na Hifadhi ya Wanawake
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee, Airport, Changamwe



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya ushuru wa soko. Kila alfajiri, watu wa zamu wakielekea uwanja wa ndege na bandarini Kilindini, akina mama wamekwisha kupanga mahamri, viazi na mboga kando ya njia ya Magongo. Ushuru wanalipa. Lakini wako wanaolalamika kwamba hawapewi stakabadhi, na siku ya msako bidhaa zao huchukuliwa kama mali ya mtu asiyelipa kitu.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, ilihesabu mapaa. Mume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu, na mjane aliyebaki na kibanda chake alihesabiwa naye. Yalipoundwa Mabaraza ya Wenyeji kwa sheria ya mwaka 1924, ushuru wa masoko ukawa mojawapo ya mapato yao, na mwenyekiti alikuwa Bwana DC mwenyewe. Kwa miaka mingi mwanamke alitoa senti yake langoni pasipo kuwa na kiti katika baraza lililoamua matumizi yake. Mwaka 1935 ikatolewa sheria nyingine, kwamba mazao ya wenyeji yauzwe katika masoko yaliyoteuliwa, kwa wanunuzi wenye leseni. Ilisemwa kuwa nia ni kuinua ubora wa mazao. Yamkini, lakini leseni ilimwendea mwenye duka na mtaji, wala si mama mwenye debe moja la kunde.

Sasa nafika kwenye neno “hifadhi”, na hapa nawaomba wazee wanistahimilie. Machifu na mabaraza ya sehemu za Kiambu walitaka wanawake wazuiwe kwenda kuuza vyakula Nairobi, wakisema mji utawaharibu. Vyama vya ustawi, mfano wa hiki chetu, navyo vilishiriki: Luo Union, katika miaka ya 1940 na 1950, iliwakamata wanawake waliokuwa peke yao mijini na kuwarudisha makwao. Sisemi kwamba hofu zote zilikuwa za uongo, maana mji una hatari zake. Lakini twajiuliza: mbona hifadhi hiyo ilimwondoa mwanamke penye fedha, isimwondolee ushuru?

Pombe yaeleza zaidi. Katika vijiji vya Waafrika huko Nairobi (kimoja kiliitwa Mombasa, jina walilolipeleka watu wetu) wanawake wengi walijipatia riziki kwa kupika pombe. Katika miaka ya 1920 manispaa ikajitwalia peke yake haki ya kuipika na kuiuza, ikafungua kilabu chake Pumwani, na wanawake wakaendelea kushtakiwa kwa kazi ileile. Faida iliwekwa katika mfuko wa ustawi wa Waafrika. Basi ustawi huo ulilipiwa na waliokatazwa kufanya biashara.

Wako waliokataa. Jirani zetu wa Upare, katikati ya miaka ya 1940, waliipinga kodi mpya ya kadiri ya mali waliyoiita mbiru. Wanaume walikwenda kukaa Same kwa wingi kudai ifutwe, na baadaye wanawake wa Usangi wakatoka wenyewe kumkabili Bwana DC. Walitaka kujua kodi hiyo ilipimwaje, na kwa faida ya nani. Mwishowe iliondolewa.

Leo hatuna Bwana DC wa kumlaumu. Kwa Katiba ya mwaka 2010 masoko na leseni za biashara ni kazi ya serikali ya kaunti, na ibara ya 201 yataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha. Mswada wa fedha wa kaunti huletwa kila mwaka, nao ndio upangao kiasi cha ushuru. Wananchi huitwa kutoa maoni, na mikutano hiyo hufanywa mchana, saa ambayo mama hawezi kuiacha meza yake. Wanaohudhuria ni sisi wanaume wenye nafasi, nasi hurudi tukisema kwamba wananchi wameshauriwa.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kwanza, Kamati inunue madaftari, kila mama aandikiwe tarehe na kiasi alichotozwa, na kama alipewa stakabadhi au la. Pili, wanachama washike zamu ya kukaa penye meza hizo siku ya mkutano wa mswada, ili wenyewe waende kusema. Tatu, wazee wawili wafuatane nao, wasiwasemee, bali wakae karibu ili pasiwe na mtu wa kuwakemea. Gharama ya madaftari Bwana Mweka Hazina amekwisha kuipiga hesabu, naye ataisoma sasa.