Viungo Kabla ya Bodi: Ufundi wa Elektroniki Nyumbani Penye Hewa ya Chumvi

Mada kwa semina ya vijana wanaojifunza ufundi, Micheweni, Pemba



Nimetakiwa nizungumzie kazi za elektroniki za mtu anayejifunzia nyumbani: mwenye meza moja, mita ya bei nafuu, chuma cha kulehemu na sanduku la bodi mbovu chini ya kitanda. Vitabu vingi vya kazi hii huanza na transista. Mimi nitaanza na kutu. Kwetu huku, toka Konde na Tumbe hadi Wingwi, Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, bahari haiko mbali na mtu yeyote, na vifaa vingi vinavyoletwa mezani kwa fundi bodi zake ni nzima. Kilichokufa ni viungo: waya ulioliwa ndani ya plastiki, swichi iliyoota ukijani, lehemu iliyopasuka, tundu la chaji lililojaa chumvi. Kijana akijua kukitafuta kiungo kibovu na kukirudisha kikadumu, sehemu kubwa ya ufundi ameshaishika, hata kama bado hajui transista inafanya nini.

Chumvi yenyewe ikiwa kavu haina madhara makubwa. Tatizo ni kwamba inavuta maji. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chembe ya chumvi huanza kuyeyuka yenyewe bila kumwagiwa tone, na kwetu kiwango hicho hupitwa usiku mwingi tu wa mwaka. Ikisha kulowa inapitisha umeme. Ndani ya kifaa chenye betri, umeme mdogo unapita kati ya njia mbili za shaba zilizokaribiana, na njia ya upande wa chanya ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo redio iliyowekwa kabatini na betri zake ndani huharibika upesi kuliko iliyotolewa betri. Mshaurini kila anayekuja kwenu: kifaa kisichotumika kitolewe betri.

Hapo hapo niseme habari ya simu zinazoanguka majini, maana kina mama wa mwani wanaingia nazo baharini na wavuvi kadhalika. Simu ikitoka kwenye maji ya bahari, jambo la kwanza ni kukata umeme: toa betri, au fungua uichomoe kwenye bodi. Msiiwashe "tuone kama inafanya kazi". Kuwasha huko ndiko kunakoiua. La pili huwashangaza watu: ioshwe tena kwa maji, ila maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya visima vilivyo karibu na ufukwe yana chumvi yake, basi tumieni ya mvua yaliyokingwa safi, au maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari. Hakikisheni ni maji kweli na si asidi, kwa sababu madukani vyote viwili huitwa "maji ya betri". Bodi isuguliwe taratibu kwa mswaki laini, kisha ipigwe spiriti ili iondoe maji yaliyobaki chini ya vipande. Kioo na spika msivizamishe. Halafu iachwe kivulini mbele ya feni, siku nzima au mbili. Kuhusu kuifukia simu kwenye mchele: mchele haung'oi chumvi. Mchele upikwe.

Sasa tuje kwenye kulehemu. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi, ile iliyoandikwa 60/40, huanza kulainika nyuzi 183 na kuwa maji kamili karibu na 190. Isiyo na risasi huhitaji nyuzi 217 na kuendelea. Ncha ya chuma iwe na joto zaidi ya hapo, baina ya 320 na 350, kwa kuwa joto linapotea njiani. Kosa la wanafunzi wengi ni kuyeyusha lehemu kwenye ncha na kuipaka juu ya waya. Inakaa, inang'aa kidogo, na baada ya mwezi inaachia. Kinachopashwa moto ni waya na mguu wa kipande kwa pamoja. Lehemu igusishwe kwenye waya, na ikiyeyukia pale yenyewe itaenea na kuuvaa. Sekunde mbili au tatu zinatosha. Msitikise mpaka igande.

Tazameni pia dawa ya kusafishia. Iko ya utomvu wa msonobari, ndiyo ya elektroniki, na iko ya asidi, inayotumiwa na mafundi wa bati na mabomba. Ya asidi inashika vizuri sana siku ya kwanza, hata mtu akaona amepata dawa bora. Kisha inaendelea kula shaba kimya kimya. Kwenye bodi isitiwe kabisa.

Mkikuta waya uliokuwa pwani, nyuzi zake zimekuwa nyeusi, msijaribu kuulehemu pale pale. Maji ya chumvi hupanda ndani ya plastiki, baina ya uzi na uzi. Kateni nyuma kidogo kidogo mpaka mwone shaba nyekundu inayong'aa, hata kama ni shubiri nzima. Waya ukiisha, tieni mpya. Ule mtindo wa kusokota nyaya mbili na kuzungushia utepe mweusi ni wa dharura ya saa moja, si matengenezo: gundi inalainika kwa joto, utepe unafunguka, na kiungo kinaanza kupata moto. Na msiunganishe shaba na alumini mahali penye unyevu. Metali mbili tofauti na maji ya chumvi baina yao ni betri kamili, na alumini ndiyo inayoliwa.

Kazi ikisha, futeni mabaki ya dawa kwa spiriti, pimeni, kisha funikeni kiungo. Vanishi maalumu za bodi zipo lakini ni ghali na Pemba hazipatikani kirahisi. Rangi ya kucha ile ya maji, isiyo na rangi, inafanya kazi hiyo vizuri kwa vifaa vidogo vya volti chache. Ombeni dada zenu. Isipakwe kwenye matundu ya plagi, wala kwenye vipande vinavyopata moto.

Upande wa umeme wa ukutani nitakaa kidogo, kwani hapo ndipo tunapoweza kumpoteza mtu. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Umeme huo ni volti 230. Lakini ndani ya adapta au televisheni, baada ya dayodi nne, kapasita kubwa hushiba hadi kilele cha wimbi, yaani kama volti 325 za mkondo mnyoofu. Plagi ikichomolewa, kapasita inaweza kubaki imeshiba. Kuna mafundi wanaoigusisha bisibisi ilie paa, na vijana hufurahi kuisikia. Huko ni kuunguza bodi na kuhatarisha macho. Chukueni rizista ya omu 10,000 ya wati 5, ilehemuni kwenye nyaya mbili zenye mipini ya plastiki, igusisheni miguuni kwa sekunde tano au zaidi, kisha pimeni kwa mita kuhakikisha. Televisheni za kichogo zina zaidi ya volti elfu ishirini kwenye kioo, na maikrowevu ina kapasita inayoua. Hizo mbili anayejifunza nyumbani asizifungue.

Kifaa kimoja kila meza iwe nacho, na hakigharimu sana: ubao wa balbu. Chukueni ubao, soketi moja ya ukutani na kishikizo cha balbu. Waya wa moto utoke kwenye plagi yenye fyuzi, upite kwenye balbu kwanza, ndipo uingie kwenye soketi. Balbu iwe ile ya zamani yenye uzi wa kung'aa, wati 60 au 100. Ya LED haifai. Kifaa mlichokitengeneza kichomekeni hapo mara ya kwanza. Balbu ikimweka kisha ikafifia, kapasita imeshiba na mambo ni mazuri. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, ndani nyaya zimegusana, lakini hakuna kilicholipuka, kwa kuwa balbu imeubeba umeme wote yenyewe. Bila ubao huu kila jaribio linakula fyuzi, na pengine transista uliyoisubiri wiki nzima kutoka Unguja. Jueni tu kwamba ubao unalinda kifaa. Hauwalindi ninyi: nyuma ya balbu umeme ni ule ule. Na ardhi yetu ya mawe, hasa kiangazi, haipokei umeme kirahisi, kwa hiyo msiutegemee waya wa ethi peke yake. Mwenye uwezo aweke ile breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30.

Kabla ya kuchomeka kitu chochote cha mtumba, someni kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, hakina tatizo. Kikiandikwa 100V peke yake, kimetoka Japani na kinataka transfoma. Vya jamaa zetu wa Oman na Dubai havina shida hiyo. Redio za Kijapani zina kasoro nyingine, na wenye magari wanaijua: FM yao ya zamani huanzia 76 na kuishia 90, ilhali zetu zinatangaza kati ya 87.5 na 108. Mtu anakuletea redio akidai ni mbovu, haishiki hata Redio Jamii Micheweni, kumbe ni nzima kabisa. Mwulize imetoka wapi kabla hujashika bisibisi.

Mradi wa kujifunzia ninaoupendekeza ni taa ya kuvulia dagaa. Karabai inaondoka, taa za LED na betri ya volti 12 zinashika nafasi yake, na zinazonunuliwa nyingi huungua mapema. Sababu ni hesabu. LED nyeupe ndogo hutaka kama volti 3.2, tatu zikifuatana ni 9.6. Kwa betri ya 12 inabaki 2.4, na kwa miliampia 20 jibu ni rizista ya omu 120. Ndivyo hesabu ya kitabuni inavyosema. Lakini betri iliyoshiba na kupumzika ina 12.7, na wakati sola au mashine ya boti inaijaza hufika 14.4. Hapo zinabaki volti 4.8, na kwa omu 120 LED inapata miliampia 40, mara mbili ya kiwango chake. Wekeni omu 220, yaani mistari ya nyekundu, nyekundu, kahawia. Kwenye 14.4 mtapata kama miliampia 22, kwenye 12 kama 11. Taa itapungua mwanga kidogo betri ikichoka, lakini itaishi. Kila safu ya LED tatu iwe na rizista yake. Msiweke moja kwa safu zote.

Waya nao uhesabiwe. Paneli iko juu ya paa, betri iko chumbani, umbali mita 10. Kwenda na kurudi ni mita 20. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 una karibu nusu omu kwa urefu huo. Ukipitisha ampia 5, volti 2.3 zinapotelea njiani na betri haishibi, kisha lawama inaangukia paneli. Waya wa 2.5 unapoteza 0.7 tu.

Kina dada waliopo hapa wasidhani kazi hii ni ya kaka zao. Wanawake wa vijiji vya Zanzibar walikwenda Tilonia, India, kwenye chuo cha Barefoot, wakarudi mafundi wa sola. Baadaye mafunzo hayo yakaletwa Kinyasini, Unguja. Wengi hawakuwa na masomo makubwa. Walijifunza bodi kwa rangi na umbo la kila kipande. Na anayetaka cheti, kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kipo hapa hapa Pemba.

La betri silifupishi. Seli za lithiamu zinazotolewa kwenye kompyuta za mkononi zisivuke volti 4.2 wala zisishuke chini ya 3, na zisilehemiwe moja kwa moja, maana joto linaziharibu ndani. Iliyovimba haitengenezwi. Za risasi zina hatari ya aina nyingine. Msizivunje ili kuyeyusha risasi ya chubwi, hasa si jikoni wala uwanjani wanapocheza watoto. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu watoto na watu wazima. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo na mwanawe akadhurika, alikipigania hadi kikafungwa mwaka 2014, na 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hata moshi wa lehemu yenu wenyewe fungulieni dirisha, na nawieni mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Baada ya chai tutafanya kwa vitendo. Kila kundi lichukue adapta moja mbovu kutoka kwenye boksi, mita, na ile rizista yenye mipini. Anzeni kwa kuutazama waya pale unapoingilia kwenye boksi la adapta, ndipo mfungue. Atakayetaka kuwasha, achomeke kwenye ubao wa balbu na mwenzake asimame karibu na swichi ya ukutani.