FEDHA YA MLEMAVU, NA NANI AAMUE MATUMIZI YAKE
(Mazungumzo kwa wanachama, Rombo)



Leo hatukuwaita kwa ajili ya mshahara, ingawa mshahara utaingia tu.

Katika nyumba zetu, hapa Rombo na huko Kitengela tunakofanya kazi, wamo watoto waliozaliwa na mtindio wa ubongo au usonji, na wengine sasa ni watu wazima. Mara nyingi mzazi mmoja huacha kazi ili akae naye. Basi mshahara mmoja umekwisha kupotea kabla hatujanunua dawa.

Tangu 2011 Serikali hulipa jamaa maskini zenye mtu wa ulemavu mkali Shs. 2,000/- kwa mwezi, na sasa malipo hayo yamo katika mpango wa Inua Jamii. Twausifu kwa jambo moja: fedha haiji na orodha ya vitu vya kununua. Mama mmoja atanunua unga, mwingine nepi, mwingine atamlipa kijana wa jirani amwangalie mtoto naye apate kuteka maji. Karani wa Nairobi hawezi kuyajua hayo kumshinda mama. Lakini elfu mbili, jamani! Kwa siku haifiki shilingi sabini. Achague nini hapo?

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1996 ya kuruhusu mlemavu apewe mkononi fedha za huduma yake, aajiri msaidizi amtakaye, na akiwa mvivu amwachishe. Sisi wa chama tusimsahau msaidizi huyo. Naye ni mfanyakazi, ana haki ya mshahara na likizo. Na huku kwetu fedha hupokewa na mlezi. Ni lini tulimwuliza mlemavu mwenyewe ataka nini? Hata asiyesema huonyesha kwa macho.

Wasioandikishwa waanzie kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii. Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine; haimwingizi mtu katika malipo hayo papo hapo, wengi wamekosea hapo.

Tutakapokutana na waajiri tutadai siku za kumpeleka mtoto kliniki bila kukatwa mshahara. Tutaulizwa tuko wangapi. Katibu ameketi pale na daftari. Mwenye mtoto wa namna hii aandikishe jina kabla ya kuondoka, wala asione haya.