Jabari na Anayemsemea
Mhadhara wa umma uliotolewa Jangwani, Dar es Salaam



Huenda wapo miongoni mwenu wanaostaajabu kwamba wanazuoni wameteremka hadi bonde hili la Msimbazi kuzungumza habari za watu warukao angani bila ya mbawa na wavaao barakoa mchana kweupe. Lakini yeyote aliyepita Mtaa wa Kongo mwezi wa Januari, wakati wazazi wanapowanunulia watoto mikoba ya shule, ameona kwa macho yake kwamba Spider-Man na Black Panther wamekwisha kuingia majumbani mwetu pasipo kubisha hodi, na mgeni aliyekwisha kuingia nyumbani hustahiki kuulizwa nasaba yake, hata kama amechorwa tu juu ya mkoba wa mtoto wa darasa la kwanza.

Tangu miaka ishirini na kitu iliyopita watengenezaji wa sinema wa Marekani wamekuwa wakiwabadili majabari wao sura. Nick Fury, aliyechorwa Mzungu mwaka 1963, aliingia katika filamu mwaka 2008 kwa sura ya Samuel L. Jackson, Heimdall, mlinzi wa lango la miungu ya kale ya Ulaya ya Kaskazini, aliigizwa mwaka 2011 na Idris Elba, ambaye wazazi wake ni watu wa Sierra Leone na Ghana, vazi la Spider-Man likavaliwa na Miles Morales, mtoto wa baba Mmarekani Mweusi na mama wa asili ya Puerto Rico, na ngao ya Captain America ikaishia mikononi mwa Sam Wilson. Kila badiliko la namna hii limezusha makelele: hawa wakilia kwamba asili imenajisiwa, wale wakishangilia kwamba insafu imetendeka. Nami, kwa heshima ya makundi yote mawili, nadhani yamekodolea macho uso yakasahau ulimi. Rai nitakayoieleza ni hii, kwamba jabari huwa wa watu fulani pale tu watu hao wanapopata mamlaka ya kumsemea, na kwamba katika jambo hili mji huu wa Dar es Salaam una historia ambayo Marekani haina.

Tuanze na binti wa kwetu. Mwaka 1975, katika katuni iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, alitokea Ororo Munroe, aitwaye Storm, mwenye kuamuru upepo na radi. Mama yake, kwa mujibu wa hadithi, ni binti wa kifalme kutoka Kenya; baba yake ni mpiga picha Mmarekani Mweusi; wazazi hao walifia Cairo wakati wa vita vya Suez, ndege ilipoiangukia nyumba yao, na mtoto, baada ya kulelewa na wezi wa mji ule, alitembea kwa miguu hadi nyanda za Serengeti, ambako watu walimwabudu kwa sababu aliwanyeshea mvua. Ni hadithi yenye mvuto, sikatai. Ila ulizeni watu hao waliomwabudu ni akina nani: wanasema lugha gani, mzee wao ni yupi, na kabla ya binti huyo kufika mvua waliiombaje? Hamtapata jibu, maana mwandishi alihitaji umati wa kupiga magoti, akaukopa kutoka Afrika bila ya kuuliza jina lake. Ilhali hapo hapo jirani, katika nchi ya Ihanzu mkoani Singida, walikuwapo watawala, wanaume kwa wanawake, waliosifika kwa kazi hiyo hiyo ya kuleta mvua, wenye miiko yao, matambiko yao na lawama zao pale mawingu yalipokaidi. Mwanamke mwenye mvua hakuwa ajabu ya kubuniwa New York. Alikuwa mtu mwenye kazi na wajibu, na aliyeweza kulaumiwa na wakulima.

Ororo alipopelekwa sinema mwaka 2000, aliigizwa na Halle Berry, ambaye katika filamu ile ya kwanza alijaribu kumpa lafudhi ya Kiafrika isiyobainika kuwa ni ya mji gani wala pwani gani. Katika filamu ya pili, mwaka 2003, lafudhi ile ilikuwa imekwisha kutoweka, wala hapana mtu yeyote katika hadithi aliyeulizia ilikokwenda. Simlaumu mwigizaji, kwa kuwa yeye hakupewa lugha ya kusema. Uso ulikuwapo na nasaba ilikuwapo, ila usemi ulikosekana, na kwa hiyo Mwafrika mashuhuri kuliko wote katika katuni za zama zile aliruka juu ya Serengeti miaka ishirini na mitano bila ya kusikika akimsalimu mtu wa chini.

Kisha ikaja Wakanda. Black Panther alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, na nchi yake ya Wakanda, ambayo haipo, imewekwa mara nyingi upande huu wetu wa bara, karibu na Ziwa Turkana. Filamu ya mwaka 2018, chini ya uongozi wa Ryan Coogler, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3 na kupata tuzo tatu za Oscar. Na kabla ya kuenea duniani ilioneshwa Kisumu, mji wa Profesa Anyang' Nyong'o, gavana wa wakati huo, ambaye binti yake Lupita aliigiza kama Nakia. Pamoja naye walikuwamo Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala na kukulia Ujerumani, na Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Uganda. Furaha iliyoonekana Kisumu na Nairobi, na hata hapa kwetu, haikuwa ya kudanganywa, nami simwungi mkono mwanachuoni yeyote anayewacheka watu waliovaa vitenge kwenda kuona picha.

La kupimwa zaidi ni yale aliyoyabadili Coogler ndani ya hadithi. M'Baku, aliyebuniwa mwaka 1969 kama mtu avaaye ngozi ya sokwe na kuitwa kwa jina la mnyama huyo, alinyang'anywa jina lile la aibu akageuzwa kuwa kiongozi wa watu wa milimani, mwenye fahari na mzaha. Na Nakia, ambaye katika katuni aliishia kuwa adui kwa wivu wa mapenzi, akafanywa jasusi mwenye fikra zake mwenyewe, anayebishana na mfalme juu ya wajibu wa nchi tajiri kwa majirani maskini. Haya, kwa hukumu yangu, ni mabadiliko makubwa kuliko kupaka rangi mpya uso wa Nick Fury, maana hapa mhusika ameongezewa akili na hoja. Hata hivyo, watu wa Wakanda, walio jirani na Turkana, husema Kixhosa, lugha tukufu ya Afrika ya Kusini, iliyoingia katika filamu hizi kupitia kwa mwigizaji mkongwe John Kani. Mavazi mekundu ya askari wanawake nayo yamechukuliwa kwa Wamaasai, na mablanketi ya wapiganaji yamechukuliwa Lesotho. Kila kitu ni chetu, na hapana mahali ambapo vyote hivi ni vya mtu mmoja.

Sasa turudi mjini kwetu, maana hapa ndipo penye utajiri wa habari. Watu husema kana kwamba Mwafrika alikaa akisubiri hadi mwaka 2018 kuona jabari anayefanana naye. Si kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walikuwa wakigombania gazeti la African Film, hadithi za picha za kupigwa kwa kamera, ambamo Lance Spearman, kwa ufupi Spear, Mwafrika mwenye kofia maridadi na gari la kasi, aliwasaka wahalifu kwa mtindo wa James Bond. Aliigizwa na Jore Mkwanazi, Mwafrika wa Afrika ya Kusini. Katika ulimwengu wa Spear jasusi alikuwa Mwafrika, inspekta Mwafrika, mhalifu Mwafrika na daktari Mwafrika, bila ya mtu kueleza kwa nini. Na tazameni kinaya chake: gazeti hilo lilitoka katika kampuni ya Drum, mali ya Jim Bailey, Mzungu wa nchi ile ile ya ubaguzi wa rangi, wakati serikali zetu zikikata uhusiano nayo. Kwa hiyo swali la nani anamiliki sura ya Mwafrika shujaa si geni, lilikwisha kuuzwa katika vibanda vya magazeti kabla ya wengi wenu kuzaliwa.

Waandishi wetu hawakukaa kimya. Faraji Katalambulla, mtunzi wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alijaribu sanaa hiyo hiyo ya hadithi za picha kwa Kiswahili katika gazeti la Film Tanzania. Na Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alituletea Willy Gamba, jasusi aliyepigana na makaburu na vibaraka wao, ambaye siasa zake Spear asingethubutu kuzitamka. Upande wa katuni za kuchorwa, mambo yalikwenda njia nyingine: Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye Ndumilakuwili, Madenge na Lodilofa katika jarida la Sani, hawakuwa majabari hata kidogo, bali walikuwa watu wa mjini wenye njaa, ulaghai na maneno mengi, ndugu wa Abunuwasi na Sungura. Mchoraji wa Tanzania alipochukua kalamu alimchora mtu anayeponea kwa hila. Sioni kuwa huo ni upungufu. Naona kuwa ni mizani ya watu waliojua nguvu zipo kwa nani.

Ila jabari wa kigeni alikuja, na mji ukamshughulikia kwa namna yake. Katika mabanda ya video, yale yaitwayo vibanda umiza kwa jinsi mabenchi yake yanavyoadhibu viungo, ilizuka fani ya watafsiri wa picha, na mashuhuri kati yao ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kila pembe kwa jina la Lufufu. Yeye aliweka sauti yake juu ya sauti ya filamu, akasema maneno ya stelingi na ya adui, ya mama mkwe na ya polisi. Akaeleza kilichoandikwa katika barua. Akawaonya watazamaji juu ya tabia ya mhusika kabla haijadhihirika. Na pale hadithi ilipolegea aliichochea kwa maneno ambayo mwandishi wa asili hakuyaota. Kenya yupo DJ Afro, Uganda yupo VJ Jingo, na kila mmoja ana mashabiki wanaokataa kuona picha isiyopitia kinywani mwake. Wapo wanaokasirika kwamba tafsiri hizi si sahihi, na kweli si sahihi. Wapo wanaosema haki za wenye filamu zimevunjwa, na hilo nalo siwezi kulikana. Lakini tazama lililotendeka: mtu mweupe wa California, mwenye misuli na bunduki, akitoka kinywani mwa Lufufu alikuwa na methali, vitisho vya kimjini na adabu ya kumsalimu mkubwa. Uso haukubadilika hata chembe. Usemi ulibadilika wote, na mtoto wa Jangwani aliyeketi benchi la mbele akamfahamu kama jirani. Kwa hoja niliyoianza, kazi ile ilikuwa ya uwakilishi kuliko filamu nyingi zilizopewa jina hilo kwa fahari.

Kwa wale wanaolilia asili isiyoguswa, nina jambo moja tu la kuwaeleza. Jabari wa kale kuliko wote katika fasihi yetu, Fumo Liyongo, asiyepenywa na silaha mwilini isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, alisimuliwa karne kadhaa kabla ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kuuandika utenzi wake mwaka 1913. Wapokomo wa mto Tana nao wana Liyongo wao, asiyefanana sana na yule wa washairi. Hapana aliyewahi kushtakiwa kwa kumbadili. Aliyesalitiwa na mwanawe kwa ahadi ya ndoa, akafa amepiga goti kisimani na upinde mkononi hata watu wakaogopa kuteka maji, anaweza kustahimili mchoraji mpya.

Na wachoraji hao wapo. Shujaaz ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2010 kwa Sheng na baadaye kuvuka mpaka hadi kwetu, iliwagawia vijana bure katuni ambazo mashujaa wake ni kijana mwenye redio ya siri na wenzake wa mtaani. Mwaka 2023 mkusanyo wa filamu za katuni uitwao Kizazi Moto ulioneshwa na Disney, ukiwa na kazi ya Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya. Mtanzania sikumwona katika orodha ile, na sitaki kulipamba jambo hilo kwa maneno matamu: wachoraji wetu hawana shule ya kutosha ya fani hii wala mlipaji wa kudumu, na aliye hodari huishia kuchora matangazo ya simu.

Mabibi na mabwana, kabla hatujawadai Wamarekani sura zetu, sharti tujue tulizokwisha kuzitengeneza wenyewe. Nakala za Film Tanzania na za Sani ya mwanzo, na kanda za video zenye sauti ya Lufufu, zimetawanyika katika mivungu ya vitanda vya Kariakoo, Ilala na Magomeni, zikiliwa na mchwa au zikifungiwa karanga. Nawaombeni, wazee wangu, mwenye nakala asiiuze kwa kilo. Ailete maktaba ya chuo chetu, tuinakili mbele yake, kisha aondoke na mali yake mkononi.